Amri Inapozaa Ukaidi

Somo la mwezi kwa vikundi vya parishi: Umoja wa Akina Mama, Vijana, na Wazee wa Kanisa

Masomo ya kusoma kwanza: 1 Wafalme 12:1-20, Matendo 15:1-31, Waraka kwa Filemoni



Mwezi huu Baraza la Parishi limeletewa jambo zito. Baadhi ya washirika wameomba kwamba kila mzazi atie sahihi hati ya kuapa kuwa hatamkeketa binti yake, na asiyetia sahihi, mtoto wake asipewe Kipaimara. Waliotoa ombi hilo ni watu wenye uchungu na watoto wetu, nami nauheshimu uchungu wao. Lakini kabla hatujaamua, nimeombwa kuandika somo hili ili vikundi vyote vipate kulitafakari jambo lenyewe kwa utulivu.

Napenda kusema wazi tangu mwanzo, asije mtu akanielewa vibaya. Ukeketaji ni mbaya. Unamwaga damu ya mtoto bila sababu, unaleta uambukizo, unamtesa mwanamke wakati wa kujifungua, na wako waliokufa kwa ajili yake. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 1998 inaukataza kwa kila msichana aliye chini ya miaka 18, na Mkristo hana ruhusa kuivunja. Basi swali letu si kama mila hii iachwe au isiachwe. Swali ni hili: tufanyeje ili iachwe kweli, isije ikajificha tu?

Hesabu iliyonidanganya

Nina sababu ya kuuliza hivyo. Miaka michache baada ya sheria ile kutoka, nilikuwa mwinjilisti katika mtaa mmoja ambao sitautaja. Tuliamua kwa nguvu zetu zote kuikomesha mila hii. Tulitangaza kwamba mzazi atakayemkeketa binti yake atazuiwa Meza ya Bwana, na jina lake litasomwa mbele ya kanisa. Mwaka wa kwanza nilisoma majina matatu. Mama mmoja kati ya hao watatu aliinuka, akatoka nje na watoto wake, wala hakurudi tena. Mwaka wa pili hapakuwa na jina hata moja. Tulipiga makofi, tukaimba, tukamshukuru Mungu kwa ushindi.

Baada ya muda muuguzi wa zahanati akaniita kando. Akaniambia, "Mwinjilisti, wale wasichana wakubwa unaowahesabu wewe, ni kweli hawakeketwi tena. Lakini mimi ninapima watoto wachanga kila wiki. Njoo uniulize mimi ninachokiona." Watoto walikuwa wakikatwa wangali wachanga, usiku, na bibi zao, kabla hawajaletwa kubatizwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewabatiza. Tulichokifanya kwa makelele yetu ni kuihamisha mila kutoka kwa msichana wa miaka kumi na miwili, ambaye angeweza kulia, kukimbia, au kumwambia mwalimu, tukaipeleka kwa mtoto mchanga asiyeweza kusema neno.

Tangu siku ile nimejifunza kuiogopa hesabu iliyo safi mno. Nimejifunza pia kwamba hatukuwa sisi wa kwanza kukosea hivyo.

Yaliyotokea Kenya mwaka 1929

Jirani zetu wa Kenya walipita njia hii zamani. Katika nchi ya Wakikuyu, misheni kadhaa zilikuwa zimefundisha kwa miaka mingi kwamba tohara ya wasichana ina madhara. Watu walikuwa wakianza kusikia, polepole. Lakini mwaka 1929 baadhi ya misheni, na hasa ile ya Kanisa la Scotland chini ya Dakta John Arthur, ziliona kwamba mwendo huo ni wa kobe. Zikaamua kwamba mshirika asiyeikataa mila hiyo atengwe na kanisa, na walimu na wazee wakatakiwa kuapa kwa maandishi. Wengi waliweka alama ya kidole gumba, na kwa ajili hiyo watu wakakiita kiapo kile kirore. Tena katika misheni ile ya Scotland watu walitakiwa wakikatae pia chama cha Kikuyu Central Association, kilichokuwa kikitetea haki za Wakikuyu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Swali la mwili wa msichana lilifungwa pamoja na swali la ardhi iliyokuwa imechukuliwa na walowezi. Uvumi ukaenea kwamba wageni wanataka wasichana wasiotahiriwa ili wawaoe na kwa njia hiyo wachukue ardhi iliyobaki. Uvumi huo haukuwa na ukweli, lakini mtu aliyekwisha kunyang'anywa shamba huamini upesi. Jambo lililokuwa desturi tu sasa likawa bendera. Hata mzazi aliyekuwa ameanza kusitasita alijiona kwamba akiiacha mila sasa, atakuwa ameliacha kabila lake. Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa.

Kwa muda mfupi misheni nyingine zilipoteza sehemu kubwa ya washirika wao, na shule zao zikabaki na viti vitupu. Wimbo wa kuwakejeli wamisionari na machifu, ulioitwa Muthirigu, ulienea kila mahali mpaka serikali ikaupiga marufuku mwanzoni mwa mwaka 1930. Watu wakajenga shule zao wenyewe na makanisa yao wenyewe. Wamisionari wetu wa Kianglikana wa C.M.S. hawakufuata njia moja: mahali pengine walishika sheria kali, pengine waliwaachia washirika wa mahali waamue. Kwa jumla, pale ambapo kiapo hakikudaiwa, waliopotea walikuwa wachache zaidi.

Sisemi kwamba wale waliojenga shule na makanisa yao walifanya vibaya. Mengi yao yalileta elimu na yangali yakimhubiri Kristo. Lakini tumfikirie msichana aliyekuwa kiini cha ugomvi wote. Je, kiapo kilimwokoa na wembe? Kwa wengi, la. Kilimfanya awe uwanja wa vita vya wakubwa.

Meru, mwaka 1956

Habari ya pili inatoka Meru, na ni ya ajabu kuliko ile ya kwanza. Mwaka 1956 serikali ya kikoloni haikutaka kurudia kosa la misheni. Ikaona ni afadhali amri itoke kwa wenyeji. Basi baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, likapitisha kwa kauli moja marufuku ya kutahiri wasichana. Mtu angedhani, penye wazee haliharibiki neno.

Lakini wazee wale walikuwa wanaume, na jambo lenyewe tangu zamani lilikuwa mikononi mwa wanawake. Tena ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, na wazee walionekana kuwa wanashirikiana na Mkuu wa Wilaya. Wasichana wakafanya jambo ambalo halikuwahi kuonekana. Walinunua nyembe madukani, wakaenda porini, wakatahiriana wao kwa wao, bila mama, bila bibi, bila mkunga. Wakaitwa Ngaitana, maana yake, "Nitajitahiri mwenyewe." Katika miaka mitatu, wasichana, wanawake na wanaume zaidi ya 2,400 walishtakiwa mahakamani kwa kuivunja amri ile, na wengi walitozwa faini.

Angalieni, ndugu. Kabla ya amri, msichana alisubiri siku yake, na wengine huenda wangeponyoka. Baada ya amri, wasichana walikimbilia wembe wenyewe. Kwa nini? Kwa sababu amri iliwaondolea njia ya kuwa watu wazima wala haikuwapa njia nyingine. Walijiona wataitwa watoto maisha yao yote.

Na sisi Tanzania

Tusidhani hayo ni ya Kenya tu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mila hii ilipigwa vita kule Singida kwa jina la maendeleo. Ndipo kukasikika habari za ugonjwa unaoitwa lawalawa, uliosemekana kuwapata watoto wa kike, na dawa yake, wakasema, ni kukatwa. Wazee wa huko waliohojiwa baadaye walikumbuka kwamba hapo kabla lawalawa haikujulikana. Kwa kweli yalikuwa ni maambukizo ya kawaida ya sehemu za siri na njia ya mkojo, yanayoponyeka kwa usafi na dawa za zahanati. Lakini mila iliyokatazwa kama mila ilirudi ikiwa imevaa vazi la tiba. Na baada ya sheria ya 1998, watoto wengi zaidi walikatwa wangali wachanga, kwa siri, kama nilivyoyaona mimi mwenyewe mtaani kwangu.

Je, hii ina maana kwamba sheria haina kazi? La hasha! Hesabu za taifa zaonyesha kwamba katika mwaka 1996 wanawake 18 katika kila 100 wa Tanzania walikuwa wamekeketwa, na mwaka 2022 walikuwa 8 katika kila 100. Kenya, walikuwa 38 katika kila 100 mwaka 1998, na mwaka 2022 walikuwa 15. Sheria, shule, zahanati na mahubiri vimesaidiana. Sheria humpa msichana mahali pa kukimbilia. Lakini sheria ni kama ukuta: humzuia mwizi, haimfanyi kuwa mwema. Kazi ya moyo tumeachiwa sisi.

Sababu tatu

Tukiziweka habari hizi pamoja, twaona sababu tatu zinazoifanya amri izae ukaidi.

Ya kwanza ni heshima. Mtu akiona anadharauliwa, hulitetea hata jambo ambalo moyoni amekwisha kulitilia shaka. Mfalme Rehoboamu alipoombwa na watu awapunguzie kongwa la baba yake, wazee walimshauri ajibu kwa upole. Yeye akafuata shauri la vijana, akajibu kwa ukali ili aonekane ana nguvu. Kwa jibu moja akapoteza makabila kumi, na msimamizi wake wa kazi za shokoa akapigwa mawe hata akafa. Hakupoteza kwa kukosa nguvu. Alipoteza kwa kuionyesha.

Ya pili ni mzigo. Mzazi anayetii peke yake ndiye anayelipa gharama peke yake. Binti yake atachekwa kisimani, huenda asiposwe, na mama mkwe atamsema. Tukimdai asaini bila kumwondolea mzigo huo, tumemwambia abebe gunia ambalo sisi hatuligusi hata kwa kidole. Ndiyo maana wengi watasaini mchana na kutafuta ngariba usiku.

Ya tatu ni siri. Adhabu kali hufundisha watu kuficha kabla haijawafundisha kuacha. Na kikifichwa, mwalimu hakioni, mkunga hakioni, wala mchungaji. Mtoto akitokwa na damu, hapelekwi hospitali, kwa maana hospitalini wataulizwa.

Njia iliyo bora

Biblia inatuonyesha njia nyingine. Paulo alipomwandikia Filemoni habari za Onesimo, alijua kwamba ana mamlaka ya kumwamuru. Alisema hivyo, kisha akayaweka mamlaka hayo kando na kumsihi kwa ajili ya upendo, kwa sababu alitaka tendo jema litoke kwa Filemoni mwenyewe. Lakini tusidhani kwamba Paulo alikuwa mlegevu. Waraka ule haukuandikwa kwa Filemoni peke yake. Aliutuma pia kwa Afia, kwa Arkipo, na kwa kanisa lililokutana nyumbani mwake. Basi Filemoni hakuachwa abadilike peke yake gizani. Ndugu wote walijua anaombwa nini, nao wangemtia nguvu.

Vivyo hivyo Mtaguso wa Yerusalemu. Jambo lao nalo lilikuwa tohara, na ugomvi ulikuwa mkubwa. Hawakuanza kwa kutoa hukumu. Petro alieleza, Barnaba na Paulo wakaeleza, mkutano wote ukanyamaza ukasikiliza. Mwishowe hawakuwatwika watu mzigo mzito, na barua yao ilipelekwa na ndugu waliokaa na watu na kuwafariji. Waliosikia walifurahi.

Njia hii imefanya kazi hata siku zetu. Mwaka 1996, upande wa Tharaka, jirani na Meru, akina mama wakisaidiwa na chama cha Maendeleo ya Wanawake walianzisha desturi waliyoiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Wasichana walikaa ndani pamoja siku kadhaa, wakafundishwa mambo ya utu uzima, kisha wakatoka kwa sherehe, zawadi na ngoma, wakahesabiwa kuwa wakubwa bila kukatwa. Ni miaka 40 tu tangu wasichana wa Ngaitana. Mahali pengine desturi hiyo haikufaulu, na wasichana walikatwa baada ya sherehe, hasa pale ambapo kijiji hakikufundishwa kwanza. Lakini palipoandaliwa vizuri, wasichana walipata kile ambacho amri ya 1956 haikuwapa.

Na huko Senegal, tarehe 31 Julai 1997, wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara walitangaza hadharani kwamba wameiacha mila hii. Hawakuamriwa, walikuwa wamejifunza katika darasa la watu wazima na kuzungumza wao kwa wao. Jirani zao wengine walikasirika sana. Ndipo imamu mmoja mzee, Demba Diawara, akawapa shauri la hekima: haiwezekani kijiji kimoja kiache peke yake, maana watu huoana na vijiji vya jirani. Akatembea kijiji kwa kijiji akizungumza na jamaa zake. Februari 1998 vijiji 13 vikatangaza pamoja huko Diabougou. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wazazi walipojua kwamba hata wakwe watarajiwa wameacha, mzigo uliwatoka.

Ushauri wangu kwa Baraza

Kwanza, tusianze na hati. Tuanze na kusikiliza. Katika nyumba zetu nyingi mwenye kuamua si yule baba atakayetia sahihi. Ni bibi na shangazi. Je, tumewahi kukaa nao na kuwauliza wanaogopa nini?

Pili, wasemaji wawe wenyewe. Mama aliyezaa kwa taabu, mkunga aliyeyaona, na ngariba aliyeuweka wembe chini watasikilizwa kuliko mimi na kanzu yangu.

Tatu, tutoe badala yake. Mafundisho ya Kipaimara kwa wasichana yaweza kuwa na wiki ya kukaa pamoja na akina mama wanaoheshimika, na kutoka kwao kufanyiwe sherehe ya parishi nzima. Zawadi na ngoma havijawahi kumdhuru mtoto.

Nne, ikifika siku ya kutangaza, tutangaze pamoja, na mitaa ya jirani, na ndugu zetu wa madhehebu mengine na Waislamu, kwa maana binti zetu huolewa huko pia. Hapo hati itakuwa ushuhuda wa jambo lililokwisha kuamuliwa moyoni, wala si mtego.

Tano, tusimfungie mlango mtoto wa Kipaimara kwa kosa la mzazi. Tungekuwa tumemwadhibu mara mbili.

Sita, msichana anayekimbia asikatwe apokewe mara moja, usiku au mchana, na ofisi ya ustawi wa jamii na polisi wapewe habari. Katika hilo hakuna kungoja wala kubembeleza. Kuwangoja wakubwa wabadilike kwa hiari hakuturuhusu kumwacha mtoto aliye hatarini leo.

Yule mama aliyetoka kanisani na watoto wake, nilikwenda kumtafuta baada ya miaka. Nilimwomba radhi, si kwa kusema mila ile ni mbaya, bali kwa kumwaibisha mbele za watu. Alinyamaza kitambo, akaniambia, "Baba, ungekuja nyumbani kwanza, ningekuambia kwamba mimi sikutaka. Mama mkwe ndiye aliyetaka. Nilikuwa natafuta mtu wa kunisaidia kukataa." Nilikuwa nimemtenga mtu aliyekuwa upande wangu.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika nyumba yako, ni nani hasa anayeamua jambo hili? Je, amewahi kuulizwa mawazo yake na kanisa?
2. Rehoboamu na Paulo wote walikuwa na mamlaka. Walitofautianaje katika kuyatumia?
3. Je, iko sheria nyingine katika parishi yetu, labda juu ya pombe, mahari au ndoa, ambayo watu wanaitii kwa macho tu? Twajuaje?
4. Mzazi akiiacha mila hii leo, atapoteza nini? Sisi kama kikundi tutamsaidiaje kuubeba mzigo huo?

Sala

Ee Mungu, uliyetuumba tukiwa huru na kutuita kwa upendo: utuepushe na kiburi cha kuwatawala wenzetu, na uvivu wa kuwaacha wapotee. Walinde mabinti zetu usiku na mchana. Uwape wazazi ujasiri, nasi utupe masikio ya kusikia kabla ya kunena. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.